Picha Isiyo na Stelingi

Tulitoka Kariakoo asubuhi moja bila kujua tunakwenda wapi. Koplo Benedikto alitangulia na kisanduku chake cha bati begani, nami nikafuata na kifurushi changu cha nguo. Tukapita Mnazi Mmoja wachuuzi wa mihogo wakipuliza makaa, tukafika stesheni ya reli na kuingia kwenye foleni ya tiketi. Mtu aliyekuwa mbele yetu akakata ya Kilosa. Koplo alipofika dirishani akaulizwa anakwenda wapi, akageuka kunitazama, mimi nikainua mabega, akasema, "Na sisi Kilosa." Nimezunguka sana maishani, na mara nyingi nimeondoka hivyo, lakini siku ile ndiyo pekee niliyoondoka na mtu aliyekuwa na sababu ya kubaki. Mwezi uliopita nililetewa habari kwamba Koplo amefariki hukohuko Kilosa, mzee wa mkongojo. Aliyeleta habari aliniuliza kama marehemu aliwahi kuoa. Nikasema hapana. Akauliza kwa nini, nikamwambia habari ni ndefu. Hakungoja kuisikia. Basi nimeona niiandike, maana katika waliokuwapo mwaka ule sijui kama amebaki mwingine wa kuisimulia.

Nilikuwa na miaka ishirini hivi. Shule nilikuwa nimeiacha mapema, si kwa ujinga wala kwa kufukuzwa. Nilichoka kukaa mahali pamoja nikiambiwa habari za mahali pengine. Dar nilipata kazi katika sinema ya Bwana Karsan, Mhindi mwembamba aliyeishi Upanga na kuja kazini kwa baiskeli. Kazi yangu ilikuwa kusukuma mkokoteni wenye ubao wa picha ya siku hiyo, nikipiga kengele kuanzia Mtaa wa Kongo mpaka Narung'ombe, nikipaza sauti: "Leo leo! Asemaye kesho mwongo!" Kwenye ubao huwa amechorwa stelingi, yaani yule mtu mkubwa wa picha, mwenye bastola au upanga, na pembeni kichwa kidogo cha adui. Watu wa Kariakoo walikuwa na sheria moja kuhusu sinema, na hakuna serikali ambayo ingeweza kuibadilisha: stelingi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, kutupwa mtoni akiwa ndani ya gunia, lakini hafi, na mwisho lazima umwone adui akilipwa haki yake. Mtu akitoka mlangoni baada ya onyesho, wa nje hawamwulizi kama picha ilikuwa nzuri. Wanamwuliza, "Adui amekufaje?"

Koplo Benedikto alikuwa mtafsiri wetu. Picha nyingi zilikuja kwa Kiingereza, nyingine kwa lugha ambazo hata Mwingereza hazijui, zikiwa zimeandikwa Kiingereza kwa chini. Yeye Kiingereza alikipata jeshini. Alisimama juu ya kreti chini ya pazia la picha, na bomba la bati mdomoni, akiwaeleza watu wa mabenchi ya mbele kila linalosemwa. Alikuwa Mngoni wa Songea, mrefu, mwenye sauti iliyotoka kifuani bila kulazimishwa. Kariakoo ilimheshimu kwa sababu alipigana na Wajapani huko Bama. Wazee wa barazani walimwita waongee vita, naye aliwasimulia mvua za Bama, ruba wa Bama, nyumbu waliobeba mizinga. Akishamaliza Bama alinyamaza, na hakuna aliyejali kuuliza baada ya Bama alikwenda wapi.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja, yeye na mimi, katika nyumba ya Bi Mwanaidi, Mtaa wa Mchikichi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, na uani kulikuwa na jiko la wapangaji wote, kisima, na kamba za nguo. Hakuna siri katika nyumba ya namna hiyo. Kuta hazikufika juu ya paa, na mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha mwisho humpa pole. Mbele yetu aliishi Maria, fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini au chini yake kidogo, ambaye nyumba nzima ilimwita Mchaga wetu. Yeye mwenyewe hakuwahi kusema ni Mchaga. Alikuja na cherehani na kikapu, akaulizwa katoka wapi, akasema kaskazini, watu wakamalizia wenyewe. Alipika ndizi kwa nyama kila Jumapili baada ya kanisa, akatugawia mimi na Koplo bakuli moja, na bakuli lile Koplo alilirudisha limeoshwa, limekaushwa, na ndani ameweka kitu: chungwa, au kipande cha sabuni, au siku moja kibiriti kipya. Bi Mwanaidi aliona mabakuli yakienda na kurudi, akaamua kwamba jambo hili lahitaji mshenga, na mshenga ni yeye.

"Wewe mwanamume una maradhi gani?" alimwuliza Koplo akiwa anakuna nazi. "Umeua Wajapani huko, mwanamke mmoja anakushinda kumwambia neno?"

"Bi Mwanaidi, mambo yana wakati wake."

"Wakati wako upi? Mvi hizo unazisubiri ziote matunda?" Kisha akanigeukia mimi, ambaye alinipa jina la Kiguu na Njia. "Na wewe Kiguu na Njia, mwambie mwenzako. Au nanyi mnataka kuzeekeana humo ndani?"

Posa ikapelekwa. Maria hakukataa na hakukubali, alisema atajibu. Nikamwona Koplo akinyoa ndevu kila siku na kupiga pasi shati la kazini, shati ambalo gizani hakuna wa kuliona. Nilidhani ni raha ya mchumba. Sikuona kwamba kulikuwa na woga ndani yake, ingawa leo nikikumbuka naona uliniangalia machoni. Kuna siku mafuta ya moto yalimrukia Maria mkononi jikoni, akalia kwa maneno ya kwao. Sote tulisema pole. Koplo alikuwa anachota maji, akaiacha ndoo itumbukie kisimani na kamba yake. Mimi nilicheka uzembe wake. Tena nilidhani maneno yale ni Kichaga, maana nilikwisha kuambiwa kwamba Maria ni Mchaga. Koplo alikuwa ameyasikia maneno ya lugha hiyo zamani, tena kwa kilio kama kile.

Ikafika ile picha. Wakaguzi waliipitisha, nafikiri, kwa kuona ni vita vya Mjerumani tu. Bwana Karsan aliipata kwa bei nafuu ndani ya kundi la picha nyingine. Shida ilianza kwa mchoraji wa ubao. Tulikaa naye kwenye jaribio la mchana, ukumbi mtupu, Koplo akijifunza maneno. Ilikuwa habari ya mji mdogo wa milimani Ulaya, askari wa kigeni wameukalia. Dereva mmoja wa lori anawabebea askari hao kuni, na wakati huohuo shemeji yake yuko mlimani na wapiganaji. Wapiganaji wanamuua ofisa. Askari wanawakamata watu kumi sokoni, wanasema watapigwa risasi asipopatikana muuaji. Dereva anajua mahali alipofichwa mwalimu mmoja mpiganaji, mgonjwa wa kifua, ambaye daktari amekwisha kumkatia tamaa. Anakwenda kusema. Mwalimu anakufa, watu kumi wanaachiwa. Kisha vita vinakwisha, bendera zinatundikwa, watu wanacheza barabarani, na wale kumi hawamsalimii dereva. Mkewe anamtandikia kitanda jikoni. Mwisho anaitwa barazani, na katika wanaokaa kumhukumu wamo watatu kati ya wale kumi. Anakaa kwenye benchi nje ya mlango. Mlango unafunguliwa kidogo, hatuoni nani. Picha imekwisha.

Mchoraji akashusha pumzi. "Sasa nimchore nani?"

"Mchore dereva," nikasema.

"Dereva ni msaliti! Nikimchora mkubwa watu watadhani ndiye stelingi."

"Basi mwalimu."

"Mwalimu anakufa katikati. Stelingi anakufa katikati? Watatuvunjia viti."

Tukamtazama Koplo, lakini Koplo alikuwa bado anatazama pazia jeupe. Mwishowe mchoraji akachora lori.

Jumapili alasiri ukumbi ulijaa. Bi Mwanaidi alimleta Maria, akimwambia kwamba mwanamume huonwa akiwa kazini, barazani wote ni watu wazuri. Walikaa upande wa wanawake, safu ya tatu, kiasi kwamba Koplo juu ya kreti lake alikuwa akiwaona kila pazia lilipong'aa. Nami nilisimama ukutani. Tangu mwanzo watu hawakutulia. "Stelingi yupi, Koplo?" walipiga kelele. Dereva alipowagawia watoto mkate, ukumbi ukasema huyu ndiye. Alipokwenda kusema mahali alipo mwalimu, mtu mmoja akasimama kwenye benchi: "Anawadanganya! Stelingi anawapeleka mtegoni, mtaona!" Hawakupelekwa mtegoni. Mwalimu akauawa. Mzee mmoja nyuma yangu akasema taratibu, "Lakini watu kumi, jamani. Watu kumi." Jirani yake akamjibu, "Na wewe ungekuwa mwalimu je?" Siku zile uhuru ulikuwa unazungumzwa kila baraza, na kila mtu alikuwa na hakika yuko upande gani. Picha ile iliwaweka watu mahali ambapo hapakuwa na upande, na hawakupapenda. Tangu hapo nimeona picha nyingi za baada ya vita, katika miji mingi, na nyingine zilikuwa hodari kuliko ile. Lakini sijaona tena watu mia kadhaa wakitafuta mahali pa kuiweka huruma yao, wakaichukua, wakairudisha, wakaichukua tena.

Mlango ulipofunguliwa kidogo na pazia likawa jeupe, watu waliendelea kulitazama wakingoja. Kisha zikalipuka kelele.

"Tumalizie!"

"Karsan kaficha mkanda wa mwisho!"

"Mhindi huyu! Anataka turudi kesho tulipe tena!"

Bwana Karsan akatokea mbio, amenyoosha mikono. "Ndugu, walahi, imekwisha! Picha ndiyo hiyo!"

"Imekwisha vipi na mtu bado yuko kwenye benchi?"

Benchi la mbele likapinduliwa. Maganda ya machungwa yakaanza kuruka. Bwana Karsan akamtazama Koplo kama mtu anayezama amtazamavyo mwenye kamba, akasema, "Koplo, sema kitu. Chochote." Koplo alikuwa ameshika bomba kiunoni. Akalipandisha mdomoni.

"Akaitwa," alisema. Ukumbi ukatulia. Watu wakakaa. "Akaingia ndani. Mle ndani hapakuwa na wazee. Palikuwa na mwanamke peke yake, amekaa. Akamwuliza, siku ile kijiji kinachomwa wewe ulikuwa wapi? Mtu yule akajibu, nilikuwa getini. Kulikuwa na ukungu, na baridi, na kijiji kimezungushiwa seng'enge na handaki, ndani ya handaki wamesimika vijiti vilivyochongwa. Mwanamke akauliza, ulifanya nini? Nilishika bunduki. Ulipiga? Sikupiga. Ulizuia wasichome? Sikuzuia. Akaja mama mmoja na watoto watatu, nikawainulia waya watoto wakapita chini. Mama yao alitaka kurudi ndani kumtoa mama yake asiyeweza kutembea. Nikamwambia, amri. Hupiti. Akaniomba kwa lugha yake. Nilikuwa sijui lugha yake, lakini nilielewa kila neno."

Kijana mmoja akauliza, "Mbona handaki hatukuliona?"

"Nyamaza wewe!" wakamjia juu. "Ndio huo mkanda waliouficha!"

"Yule bibi akatoka?" aliuliza mwanamke mmoja.

"Yule mtu hakujua," alisema Koplo. "Zamu yake iliisha. Akapandishwa lori."

"Basi amehukumiwaje? Mwanamke kasema nini?"

Koplo hakuwa anawatazama wao. "Mwanamke hajasema," alijibu, akashuka kwenye kreti.

Walimzomea mpaka nje. Walisema Koplo leo kalewa, walisema picha za Ulaya hazina maana, na njiani nilisikia watu wakibishana kama dereva na mtu wa getini ni mmoja. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba ukungu ule, seng'enge ile, na handaki lile vilikuwa Kenya, kwenye vita vya msituni vilivyokuwa vikiendelea hata siku tuliyokaa pale. Lakini safu ya tatu Maria alikuwa amekwisha kuondoka, na Bi Mwanaidi alikuwa anatafuta kiatu chini ya kiti akiuliza, "Huyu naye amekimbilia wapi?"

Kesho yake asubuhi nilikuwa ukumbini nyumbani natengeneza gurudumu la mkokoteni. Maria alikuwa uani anachambua mchele. Koplo akatoka na shati la kufua. Hawakuniona, au waliniona na hawakujali.

"Koplo."

"Naam."

"Pale getini palikuwa kijiji gani?"

Akataja jina. Silikumbuki. Nilisikia mchele ukirushwa kwenye ungo mara kadhaa, kisha ukaacha.

"Si kwetu," Maria alisema. "Kwetu getini alisimama mwingine. Huyo hakumpisha hata mtoto."

Koplo alilikunja shati, akalikunjua.

"Ulijua mimi ni wa huko?"

"Tangu siku ya mafuta."

"Na posa ilikuwa imekwisha kuja."

"Ilikuwa imekuja. Nikashindwa kuirudisha, nikashindwa kukwambia. Jana nikaona, bora uwe umesikia kabla hujajibu."

"Mbele ya Kariakoo nzima."

"Kariakoo haikusikia. Ulisikia wewe."

Maria akauweka ungo chini, akasema maneno ambayo nimeyabeba katika kila mji niliokaa. "Usiku wote nimekuwa nikikupanga, Koplo. Ungekuwa wewe yule wa kwetu, ningejua la kufanya, ningekuchukia, yakaisha. Si wewe. Na si kwamba siyo wewe. Sijui nikuweke wapi. Niache nifikiri. Usinijie, usimtume Bi Mwanaidi. Nikiwa na jibu nitakwita."

"Nitangoja," Koplo alisema.

Alingoja karibu wiki mbili. Sikuwahi kumwona mtu akingoja vibaya vile. Hakula vizuri, alikataa kupanda kreti, Bwana Karsan akamtafuta mtafsiri mwingine. Kila mlango wa chumba cha mbele ulipolia alisimama. Bakuli la Jumapili halikuja. Ndipo Jumapili iliyofuata asubuhi akaanza kufunga kisanduku, akaniambia, "Amekwisha kunijibu. Ni mtu mwenye adabu tu, hataki kulisema." Mimi niliamini. Nilikuwa na miguu inayowasha, mwaka mzima Dar ulikuwa umenitosha, na niliona ni jambo la kiume kumsindikiza rafiki. Tukaondoka Maria akiwa kanisani.

Miaka mingi baadaye nilipita Mtaa wa Mchikichi nikamkuta Bi Mwanaidi amebaki mifupa na ulimi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama tena, akanipiga kibao cha begani. "Kiguu na Njia! Ulimpeleka wapi yule mwanamume?" Akaniambia kwamba siku ileile tuliyoondoka Maria alirudi kanisani, akapika ndizi, akapakua bakuli, akagonga mlango wetu. Kisha akarudi nalo chumbani kwake. "Alikuwa anakuja kumwambia nini?" niliuliza. Bi Mwanaidi akasema, "Mwanangu, nilimwuliza mpaka nikachoka. Alisema jibu ni la mwenye posa, si la mshenga." Maria alihama mwaka uliofuata, hakuna aliyejua alikokwenda. Labda bakuli lilikuwa la ndiyo. Labda lilikuwa la kumwambia hapana bila kumnyima chakula. Yeye angeweza hata hilo. Nilimwandikia Koplo habari hiyo? Hapana, nilimfuata Kilosa kumweleza kwa mdomo. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nimeshiba.

Lakini siku ya safari hatukuyajua hayo. Tulifika Kilosa jioni. Treni ilituteremsha ikaondoka, tukabaki na wanawake wauza ndizi na harufu ya mkonge. Tuliulizia chumba tukaelekezwa kwa mjane mmoja, Mama Zena, nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa nyuma ya stesheni. Alitoka na taa mkononi, kwa kuwa ndani kulikuwa na giza tayari. Tukamwamkia.

"Chumba kipo," alisema. "Kitanda kimoja. Huyu mdogo atalala mkekani. Mnatoka wapi?"

"Dar," nikasema, nikaingiza kifurushi changu ndani.

Koplo alibaki nje. "Mama, kabla hujatupa chumba, kuna jambo ulijue. Mimi nilikuwa askari. Nilipelekwa Kenya." Akamweleza yote, palepale mlangoni, bila bomba la bati, geti na waya na watoto na yule mama. Hakujificha nyuma ya picha safari hii. Mama Zena alimsikiliza taa ikiwa imeinuliwa, na alipomaliza akaishusha.

"Baba," alisema, "mimi nakodisha chumba. Sikukuuliza hayo, na siwezi kukusamehe wala kukufukuza kwa ajili yake. Hayo kamwambie anayehusika nayo."

"Nimekwisha kumwambia."

"Akasemaje?"

"Alisema nimngoje."

Mama Zena akamtazama yeye, kisha kisanduku chake, kisha mimi niliyekuwa nimekwisha kuvua viatu. "Sasa huku umefuata nini?"

 Koplo aliuliza treni ya kurudi Dar inapita lini. Mama Zena akasema kesho, na kwamba honi yake haimwachi mtu usingizini. Koplo akamshukuru, akaingia. Nilijilaza mkekani nikimwangalia. Hakuvua hata koti. Alipiga magoti kando ya kitanda cha kamba, akaanza kuzikaza kamba za kitanda zilizolegea, moja baada ya nyingine, polepole, mpaka zote zikawa ngumu, nami nikajua treni ile hatutaipanda.